Jinsi ya Kulipa Ushuru wa Petroli Bila Kuwa na Gari

Kama una gari, liache nyumbani leo, halitahitajika. Hata pikipiki si lazima. Tafuta mtungi wa maji wa lita 20, mbuzi wawili watatu, koroboi moja, na mahali pa kuishi popote kati ya daraja la Tana pale Garissa na mpaka wa Mandera. Basi. Kwa vifaa hivyo utalipa ushuru wa petroli asubuhi, mchana na usiku, na ukilinganisha na kipato chako, utamshinda mwenye gari kubwa kule Nairobi. Mimi nimekaa huku, nimelipa, na nimewaona majirani wakilipa bila kujua walikuwa wanalipia nini. Ndiyo sababu naandika mwongozo huu, niwaonyeshe pesa yao inapotokea na inapoingilia.

Anza na chai. Keti kwenye kibanda chochote cha Soko Mugdi, mjini Garissa, saa kumi na mbili asubuhi, agiza shaah, na kabla hujapiga funda la kwanza itazame ile glasi vizuri. Sukari imekuja kwa lori kutoka Nairobi, kama kilomita 370. Majani ya chai yamepita njia hiyo hiyo. Maziwa ya ngamia yamesafiri usiku kutoka malishoni, mitungi ya manjano imefungwa kamba juu ya gari dogo, na akina mama walioyakusanya wamekesha wakiomba dereva afike kabla hayajachacha. Maji yameletwa na mkokoteni wa punda. Huyo punda namheshimu, kwa sababu katika safari nzima ya glasi ile ndiye peke yake asiyekunywa dizeli. Lakini hata maji aliyobeba yalivutwa kwa mashine.

Mwenye kibanda hawezi kukuandikia yote hayo kwenye risiti. Anaweza kupandisha bei ya glasi, au kuipunguza glasi yenyewe. Mwaka 2023 nilimwona mmoja akibadilisha vyombo vyake. Glasi kubwa alizipanga juu ya kabati, ndogo zikashuka mezani, bei ikabaki ile ile. Sisi wateja sote tuliona. Hakuna aliyesema neno, kwa kuwa kila mmoja wetu alikuwa amefanya jambo kama hilo mahali fulani wiki ile: aliyeuza unga alikuwa amepunguza kibaba, na aliyenunua alikuwa amepunguza sufuria.

Sasa chukua kalamu, maana hatua inayofuata inataka hesabu.

Kila tarehe 14 ya mwezi, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, hutangaza bei za juu kabisa ambazo vituo vya mafuta vinaruhusiwa kutoza kuanzia kesho yake hadi tarehe 14 ya mwezi unaofuata. Utaratibu huo upo tangu Desemba 2010. Orodha yake hupangwa kwa miji. Mombasa, meli zinakotia nanga, bei huwa ya chini. Bomba la mafuta hupanda hadi Nairobi, Nakuru, Eldoret na Kisumu. Kuja kwetu halijapata kugeuza shingo, kwa hiyo mafuta yetu hupakiwa kwenye malori na kila kilomita ya lori huongezwa kwenye lita. Garissa huwa juu ya Nairobi, Wajir juu ya Garissa, na Mandera hukaa mwisho wa safari na bei ambazo ni miongoni mwa za juu kabisa nchini. Hilo silibishii. Lori linakunywa mafuta, dereva ana watoto, na umbali ni umbali.

Ninachokibishia kimo ndani ya lita yenyewe. Kwa viwango vya mwaka 2025, lita moja ya petroli inabeba takriban shilingi 21.95 za ushuru wa bidhaa. Inabeba shilingi 25 za ada ya kukarabati barabara, ambazo hadi Julai 2024 zilikuwa 18. Inabeba shilingi 5.40 za ada ya maendeleo ya petroli, ambayo kabla ya Julai 2020 ilikuwa senti 40. Jumlisha hizo tatu, unapata shilingi 52.35. Kisha inakuja VAT ya asilimia 16, na hapa soma polepole: VAT hutozwa juu ya mafuta pamoja na hizo ada. Kodi inalipiwa kodi. Asilimia 16 ya 52.35 ni shilingi 8.38. Umeshavuka shilingi 60, na bado hujaigusa VAT ya mafuta yenyewe, wala ada zinazolipwa mzigo ukiwa bandarini.

VAT hiyo ina historia ya kukumbuka. Sheria ya mwaka 2013 ilipoitaja, mafuta yalipewa msamaha, na msamaha ukaongezwa muda hadi Septemba 2018. Ulipokwisha, nchi iliamka na asilimia 16, watu wakalalamika, na mwezi huo huo ikashushwa hadi 8. Sheria ya Fedha ya 2023 ikairudisha 16. Asilimia nane hizo zilizoongezwa ndizo zilizobadilisha glasi za Soko Mugdi.

Hatua ya chupa inahitaji muda zaidi, kwa sababu bei ya EPRA ni bei ya kituo chenye pampu, na watu wengi wa kaunti zetu hawaishi karibu na pampu. Toka Garissa mjini, ingia ndani kuelekea Fafi, Balambala au Hulugho, na petroli utaikuta mezani, kwenye chupa zilizokuwa za maji ya kunywa. Meza ya mbao, kivuli cha mgunga, gunia la kufunika jua likikaza. Faneli ya kumiminia ni kichwa cha chupa kilichokatwa, na ndani yake kimewekwa kitambaa cha kuchujia mchanga.

Nilisimama mbele ya meza ya namna hiyo nikamwuliza mama aliyekuwa akiuza, nikimwita mama kwa Kisomali kwa heshima ya umri wake: "Hooyo, chupa hii sasa ni ngapi?" Naye, kama wafanyavyo mama wa Kisomali wakisema na mtoto, akanirudishia neno lile lile: "Hooyo, imepanda." Nikamwuliza nani kaipandisha. Hakukasirika. Alinyanyua mtungi uliokuwa miguuni pake, wa lita 20, ukiwa umebaki robo, akautikisa nisikie. Huo ndio mtaji wake wote. Huununua mjini kwa bei ya pampu, huulipia nauli kwenye lori kama abiria, jua hula kidogo njiani, na kingine humwagika katika kumimina. Faida yake ni chupa moja au mbili za mwisho. "Mimi sipandishi," aliniambia. "Bei inakuja na lori, mimi naishusha tu."

Kwa hiyo, ukinunua, usibishane naye. Inyanyue chupa juani uangalie rangi. Ukiona ukungu au tabaka mbili, kuna maji au mafuta ya taa ndani. Angalia imejaa hadi wapi: chupa ya nusu lita isiyofika shingoni ni lita ndogo kwa bei ya lita kubwa. Uliza mtungi ulinunuliwa kabla ya tarehe 15 au baada yake, kwa sababu bei ikishuka mjini, chupa haishuki mpaka mtungi wa zamani uishe. Bei ikipanda, chupa hupanda siku hiyo hiyo, na kosa si lake. Asipofanya hivyo pesa za kununulia mtungi ujao hazitatosha. Na usisogee na jiko. Meza hizo hukaa karibu mno na mama wa maandazi.

Chupa hiyo hiyo ndiyo humsubiri mwanamke aliyeshikwa na uchungu usiku. Mwenye boda huja mbio, anatikisa tangi, anasikia halina kitu, anakwenda kumgongea mama wa mafuta. Chupa mbili zinamiminwa kwa mwanga wa simu. Mume anahesabu noti. Pesa isipotosha, mtu anagonga nyumba ya tatu, na dakika zinakwenda. Ukiwa unatafuta ushuru wa petroli ulipo mzito kuliko pengine pote, simama hapo gizani na uhesabu pamoja naye.

Geuka sasa uende mtoni. Kando ya Tana, juu na chini ya mji wa Garissa, watu wanalima vitunguu, ndizi, tikiti, nyanya na maembe. Mto uko pale, maji yako pale, lakini shamba liko juu ya ukingo, na maji hayapandi bila mashine. Mashine yenyewe ni ndogo, watu wawili wanaibeba. Unavuta kamba mara tatu nne, inakohoa, inashika, mpira unajaa na kukaza kama mshipa wa shingo, na baada ya muda maji yanatoka upande wa pili, mekundu kwa udongo. Mkulima haendi mbali. Anasikiliza. Mashine ikibadilisha sauti anajua tangi limefika chini.

Mashine ile haijapata kukanyaga lami. Haina magurudumu. Na kila lita inayoinywa imelipa shilingi 25 za kukarabati barabara, na juu yake VAT ya shilingi 4. Shilingi 29. Tuseme siku ya kumwagilia inataka lita 5: hizo ni shilingi 145 za barabara, zimelipwa na kitunguu kabla hakijatoka ardhini. Kitunguu hicho kikivunwa kitapanda lori, na lori litalipa ada ya barabara kwa haki, kwa sababu lenyewe linatumia barabara. Basi kitunguu kimoja kimelipia barabara mara mbili, mara moja kikiwa kimesimama shambani.

Wakulima hao ndio waliopokonywa mashine na migomba yao Tana ilipofurika mwishoni mwa 2023, na ikafurika tena Aprili na Mei 2024. Barabara ya kwenda Nairobi ilikatika upande wa Madogo. Malori yalipanga foleni kila upande, na watu wakavuka kwa mashua pale yalipokuwa yakipita magari. Tarehe 28 Aprili 2024 mashua moja ilizama Kona Punda na watu wakafa. Miezi miwili na kitu baadaye ada ya barabara ikapanda kutoka 18 hadi 25. Ukilipa hizo 25, kumbuka pia kwamba mwaka 2025 serikali ilitoa shilingi 7 kati yake kuwa dhamana ya kupatia fedha za kuwalipa wanakandarasi madeni ya nyuma. Zilizobaki za kukarabati zilikuwa 18, zile zile za zamani.

Kwa wasiolima, kuna kisima. Huko Lagdera, Dadaab, Wajir na kwingineko mbali na mto, uhai uko chini ya ardhi, na kati ya uhai huo na mdomo wa ngamia kuna jenereta. Kamati ya maji hukaa na daftari. Nimewahi kukaa kando ya mweka hazina mmoja usiku wa kiangazi, kijana mwenye mwandiko mzuri, amechora mistari kwa rula: ngamia safu yake, ng'ombe safu yao, mbuzi na kondoo safu yao. Kila mnyama ana bei yake ya kunywa. Mwisho wa ukurasa kuna safu moja pana kuliko zote, na juu yake ameandika neno moja, DIZELI. Vyote vilivyo kushoto hukimbilia kulia. Wafugaji wanatoa noti zilizokunjwa ndani ya kikoi, wanahesabu mbuzi kwa fimbo, na pesa ya kila mbuzi inaingia kwenye pipa.

Ndivyo mbuzi anavyolipa ushuru wa mafuta. Hulipa kwa kichwa, akinywa.

Hebu lihesabu pipa lenyewe, la lita 200. Septemba 2021 dizeli ilikuwa shilingi 115.60 kwa lita Nairobi: pipa shilingi 23,120. Septemba 2022 ilikuwa 165.00: pipa 33,000. Oktoba 2023 ikafika 205.47: pipa 41,094. Hizo ni bei za Nairobi, kabla pipa halijapakiwa kuja huku. Sasa weka kando ya miaka hiyo kilichokuwa kikitendeka malishoni. Kuanzia mwishoni mwa 2020 misimu mitano ya mvua ilikosekana kwa kufuatana. Nyasi zilikwisha, wanyama wakakonda, na bei ya mbuzi sokoni ikaanguka kwa sababu kila mtu alikuwa anauza na hakuna aliyetaka kununua mifupa. Visima vilisukumwa mchana na usiku kwa kuwa mabwawa yalikuwa yamekauka. Maji mengine yakaletwa kwa maboza, nayo ni dizeli juu ya magurudumu. Yaani mwaka ambao mfugaji alihitaji dizeli kuliko wakati wowote maishani mwake, mbuzi wake alikuwa hanunui kitu, na pipa lilikuwa linapanda.

Sababu ya bei hizo haikuwa Nairobi peke yake. Vita vya Ukraine vilianza Februari 2022 na vikapandisha mafuta duniani kote. Shilingi ikadhoofika mbele ya dola. Ruzuku iliyokuwa ikishikilia bei ikaondolewa. Najua. Lakini ushuru ni sehemu ambayo imo mikononi mwetu wenyewe. Vita hatuwezi kuvipigia kura. Ada ya barabara ndani ya pipa la kisima, Bunge linaweza kuiondoa kwa kikao kimoja.

Usiku ule pale kisimani jenereta ilizimika saa nane. Haikuharibika, pipa liliisha. Kilichofuata sijakisahau: kimya, halafu ngamia wakaanza kulia mmoja mmoja, kisha wote. Mfugaji aliyekuwa wa pili kutoka mbele kwenye foleni alikaa chini na kumlaza ndama mapajani. Mafuta yaliletwa kesho yake jioni. Ndama hakuyangoja.

Kama hadi hapa bado unaona hujalipa vya kutosha, washa koroboi. Mafuta ya taa hayatozwi ada ya barabara, hiyo ni kweli. Yana ada yake: tangu 2018 kila lita ya mafuta ya taa inayoingia nchini hulipa shilingi 18, zilizowekwa ili kuwakomesha waliokuwa wakiyachanganya na dizeli. Wafanyabiashara wachache walichafua mafuta, na adhabu ikapelekwa kwa bibi anayepika uji na mtoto anayesoma kwa utambi. Ongeza VAT juu ya 18 hizo unapata shilingi 20.88 kwa lita. Bibi hajawahi kumiliki lori la mafuta. Hajachanganya chochote na chochote.

Kuna njia moja ya kulipa ambayo hata wafugaji wazoefu huipita bila kuiona, nayo ni nauli ya mbuzi. Nenda soko la mifugo la Garissa, moja ya masoko makubwa ya mifugo katika kanda hii, usimame karibu na mnunuzi anayepeleka Nairobi. Anamshika mbuzi mgongoni, anaminya, anataja bei. Unadhani anataja bei ya mbuzi. Kichwani mwake ameanza na bei ya Nairobi, akatoa dizeli ya lori, akatoa ya dereva na utingo, akatoa faida yake, na kinachobaki ndicho anachokutajia. Dizeli ikipanda, bei ya Nairobi haipandi kwa ajili yako. Kinachopungua ni kile kilichobaki. Mbuzi amesafiri kwa nauli yako. Halafu lori lile lile linarudi na unga, mchele, mafuta ya kupikia na sabuni, na muuzaji wa duka anaanza na bei ya Nairobi, anaongeza dizeli, anaongeza faida, na anayelipa ni wewe tena. Kwenda umelipa, kurudi umelipa. Mtu wa Nairobi anaikuta nyama hapo na unga hapo. Aliye mwisho wa barabara hubeba barabara nzima mgongoni, pande zote mbili.

Na barabara yenyewe? Mwaka 1965 serikali ya Kenya ilitoa Waraka Namba 10, ulioelekeza fedha za maendeleo kwenye maeneo yenye mvua, udongo mzuri na reli, yale yaliyotarajiwa kuzalisha haraka. Kaskazini Mashariki, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya sheria za hali ya hatari, ikasubiri. Sheria ya ada ya barabara ilipitishwa 1993. Tangu mwaka huo kila lita ya petroli na dizeli iliyouzwa Mandera imechangia mfuko wa ada hiyo, na vizazi viwili vya madereva wamefia mchangani kwenye njia ambayo wao wenyewe walikuwa wakiilipia. Barabara ya Isiolo kwenda Mandera kupitia Wajir, zaidi ya kilomita 700, ndiyo kwanza inapata lami, kwa sehemu kubwa kwa fedha za Benki ya Dunia, na kazi yenyewe imekatizwa mara kwa mara na mashambulizi. Nafurahi inajengwa. Lami ikifika, lori litakunywa kidogo na tairi litadumu. Ninachoomba ni tusiambiwe kwamba ni hisani.

Hatua iliyobaki haifanyiki sokoni wala kisimani. Kila mwaka, mwezi wa Aprili au Mei, Mswada wa Fedha hufika Bungeni, na Kifungu cha 118 cha Katiba kinalitaka Bunge lishirikishe wananchi. Watu wetu huona mambo hayo ni ya mawakili na wahasibu wenye tai. Nendeni. Kama hamwezi kwenda, andikeni, hata kwa mkono, hata kwa Kisomali na mtoto wa shule atafsiri. Kamati ya maji ipeleke nakala ya lile daftari, ukurasa mmoja wa Februari unatosha. Mkulima wa Tana apeleke hesabu ya shilingi 29. Ombeni mafuta yanayovuta maji yarudishiwe ada ya barabara, kwa kuwa maji hayatembei kwenye barabara. Ombeni zile 18 za koroboi ziondolewe na wachanganyaji wasakwe kwenye maghala yao. Ombeni jenereta za visima zibadilishwe kwa sola, na atakayesema haiwezekani mwelekezeni kwenye mtambo wa jua wa Garissa, megawati 54.6, uliozinduliwa Desemba 2019 kwa jua hili hili linalotuchoma. Waulizeni pia kuhusu Hazina ya Usawazishaji ya Kifungu cha 204, nusu asilimia ya mapato ya taifa kwa ajili ya maji, barabara, afya na stima katika maeneo yaliyoachwa nyuma. Katiba iliipa miaka 20 kuanzia 2010, na mingi imeshapita.

Beba na chupa moja ya mezani. Ibebe tupu, imesuuzwa, maana mlinzi hataruhusu petroli iingie ukumbini. Ukiitwa jina usimame, iweke mbele ya wabunge, waambie uliinunua wapi na kwa bei gani, na kutoka hapo hadi ilipo lami ni kilomita ngapi.